Kioo, Kompyuta na Maabara Yetu

(Hotuba iliyosomwa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika ukumbi wa shule. Msemaji ni mtumishi wa Serikali aliyemaliza hapa Kidato cha Sita katika mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati.)



 Katibu aliponiandikia barua aliniomba nizungumze juu ya jambo lolote nililojifunza Chuo Kikuu, akaongeza kwa utani kwamba lisiwe jambo la kuwalaza watu baada ya pilau. Nimechagua kioo. Nitaeleza jinsi watu wanavyotengeneza kioo ndani ya kompyuta, kioo kisichoshikika wala kuvunjika, na jinsi wanavyozitafuta kanuni za kuiambia kompyuta namna atomu zinavyovutana na kusukumana.

Sikulichagua jambo hili kwa kutaka kujionyesha. Kwenye ajenda ya mchana huu, kifungu cha nne, liko pendekezo la Kamati kwamba fedha tulizochanga zitumike kukigeuza chumba cha maabara ya Fizikia kiwe chumba cha kompyuta. Hoja iliyotolewa ni kwamba siku hizi majaribio yote yaweza kufanyika ndani ya kompyuta, na kwamba vyombo vya maabara ni ghali na huvunjika. Mimi shahada yangu ya pili niliipata kwa kompyuta tupu. Kwa muda wote ule sikushika bomba hata moja la majaribio. Kwa hiyo nadhani ninayo haki ya kusema neno juu ya hoja hiyo, nami nitalisema mwishoni. Kwanza tuanze na kioo chenyewe.

KIOO NI NINI?

Mchanga safi wa kwatsi ni silika. Wa Kidato cha Pili wanajua kuiandika: SiO2, yaani kwa kila atomu moja ya silikoni ziko atomu mbili za oksijeni. Lakini maandishi hayo hayatuambii zimekaaje. Fikirini jiko la mafiga matatu na chungu juu yake. Mafiga na chungu ndizo oksijeni nne, na moto ulio katikati ndio silikoni. Kila silikoni imezungukwa hivyo na oksijeni nne, na umbali kutoka silikoni hadi oksijeni ni kama nanomita 0.162, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Tena kila oksijeni hutumiwa na majiko mawili, kama figa moja linaloegemewa na jirani wa pande zote mbili. Ndiyo maana hesabu inatoka moja kwa mbili ingawa kila silikoni ina majirani wanne.

Katika fuwele ya kwatsi majiko hayo yamepangwa kama sisi tulivyopangwa kwenye gwaride la asubuhi: ukijua mahali pa mmoja, unajua mahali pa wote. Ukiyeyusha kwatsi kisha ukaipoza, mpangilio ule haurudi. Unapata kioo. Majirani ni wale wale wanne na umbali karibu ni ule ule, ila ukitazama mbali zaidi hakuna mstari wala safu. Ni kama wanafunzi wakati wa mapumziko, ambao wameshikana mikono lakini wametapakaa uwanja mzima. Mtaalamu W. H. Zachariasen alilieleza wazo hili mwaka 1932, akasema kioo ni mtandao ulioungana bila kujirudia. Kwa kuwa mtandao huo una nafasi nyingi, kioo cha silika kina densiti ya gramu 2.20 kwa sentimita moja ya ujazo, ambapo kwatsi ina 2.65.

Mtu atauliza, mambo haya yanatuhusu nini? Ndugu Mwenyekiti, simu aliyonayo kila mmoja wetu mfukoni inategemea kioo hiki. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham walionyesha kwamba mwanga ungeweza kupeleka habari mbali sana ndani ya uzi wa kioo, iwapo kioo kingesafishwa vya kutosha. Mwaka 1970 wahandisi wa kampuni ya Corning huko Marekani wakapata uzi wa silika wa namna hiyo. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika pwani yetu ukipita chini ya bahari, mwaka 2010 ukafuata wa EASSy, na Mkongo wa Taifa umeendelea kupelekwa mikoani. Ndani ya mikongo hiyo yote mna nyuzi za silika. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Na ili kuunda vizuri lazima mtu ajue atomu zimekaaje, zinakatikaje, na maji au mionzi hufanya nini zikiingiliwa.

Tatizo ni kwamba kioo hakipigiki picha ya atomu zote kama fuwele. Eksirei na nutroni hutupa wastani tu: umbali wa wastani na pembe za wastani. Mwaka 1969 Mozzi na Warren walitumia eksirei wakakadiria kwamba pembe kati ya silikoni mbili zinazoshirikiana oksijeni moja ni kama digrii 144. Hiyo ni habari nzuri, lakini wastani hauonyeshi mtandao. Ni sawa na kuambiwa wastani wa umri katika kijiji bila kumwona mwanakijiji hata mmoja. Hapo ndipo kompyuta inapoingia.

KANUNI YA NEWTON NDANI YA MASHINE

Njia yenyewe ni nyepesi kuieleza. Unaipa kompyuta orodha ya atomu na mahali ilipo kila moja. Unakokotoa kani inayoikabili kila atomu kutokana na wenzake. Kani ukiigawanya kwa masi unapata mchapuko. Hiyo ni kanuni ya pili ya Newton, mnaisoma humu humu. Kisha unaisogeza kila atomu hatua ndogo sana ya wakati, unakokotoa kani upya, unasogeza tena, na kuendelea hivyo mara milioni.

Mwaka 1967 Loup Verlet aliitumia kwa kazi hii kanuni ambayo kijana wa Kidato cha Tatu anaweza kuikokotoa kwa kalamu: mahali papya ni mara mbili ya mahali pa sasa, toa mahali pa kabla yake, jumlisha mchapuko uliozidishwa kwa muda mara muda. Jaribuni kwa jiwe linaloanguka, mchapuko wake ukiwa 10 na hatua ya muda ikiwa sekunde 0.1. Lilianza kwenye 0, baada ya hatua moja likawa mita 0.05. Hatua inayofuata: mara mbili ya 0.05 ni 0.10, toa 0, jumlisha 10 mara 0.01, unapata 0.20. Inayofuata tena: 0.40 toa 0.05 jumlisha 0.10, unapata 0.45. Linganisheni na fomula ya mwalimu wenu ya jiwe linaloanguka, mtaona majibu ni yale yale.

Mwaka 1964 Aneesur Rahman alifuata mwendo wa atomu 864 za gesi ya argoni iliyogeuzwa kimiminiko, na mwaka 1976 Woodcock, Angell na Cheeseman wakachapisha kazi yao ya kuifanyia silika vivyo hivyo. Tangu hapo kazi haikusimama. Lakini angalieni vizuri, vijana. Newton alitupa sheria ya kusogeza atomu ikiwa kani inajulikana. Hakutuambia kani kati ya silikoni na oksijeni ni kiasi gani. Hapo ndipo penye kazi kubwa.

NANI ANAIJUA KANI?

Kani halisi hutoka kwa elektroni, na elektroni hufuata kanuni aliyoiandika Schrödinger mwaka 1926. Mwaka 1985 Car na Parrinello walionyesha njia ya kuzikokotoa elektroni papo hapo wakati atomu zinasogea. Njia hiyo ni ya kuaminika, ila ni ghali mno. Mtu mwenye atomu mia chache hutumia muda wa kompyuta ambao kwa njia nyepesi ungetosha atomu maelfu kwa maelfu.

Njia nyepesi ni kuandika fomula fupi ya nishati ambayo inategemea umbali kati ya atomu mbili. Wataalamu huiita potenshali. Ifikirini kama sura ya nchi yenye milima na mabonde: atomu hupenda kukaa bondeni, na ukali wa mteremko ndio kani.

Kwa silika, fomula inayotumika sana ina sehemu tatu. Ya kwanza ni umeme: silikoni ina chaji chanya na oksijeni chaji hasi, kwa hiyo huvutana, lakini silikoni kwa silikoni husukumana, na oksijeni kwa oksijeni vivyo hivyo. Ya pili ni msukumo mkali unaotokea atomu zikikaribiana mno, kwani elektroni zake hazikubali kubanana. Msukumo huu hupungua upesi sana umbali ukiongezeka. Ya tatu ni mvutano dhaifu ambao hupungua kwa kipeo cha sita cha umbali.

Kila sehemu ina namba zake. Ukibadilisha namba, kioo kinabadilika. Swali ni hili: namba hizo atoe nani?

MODELI YA MWAKA 1990

Mwaka 1988 wataalamu wanne wa Japani, Tsuneyuki, Tsukada, Aoki na Matsui, walizitafuta namba hizo kwa kukokotoa elektroni za kikundi kidogo cha atomu, silikoni moja na oksijeni zake nne. Ilikuwa hatua kubwa, kwani kabla ya hapo watu wengi walikadiria tu.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1990, huko Uholanzi, van Beest, Kramer na van Santen walitoa modeli ambayo hadi leo hujulikana kwa herufi za majina yao, BKS. Nawaomba mzingatie walivyofanya, kwa sababu ndiyo maana ya hotuba yangu. Waliona kwamba hesabu za elektroni za kikundi kidogo peke yake hazitoshi. Kikundi kidogo hueleza vizuri kinachotokea kati ya atomu na jirani yake, lakini hakijui jiwe zima linavyojibu likibanwa. Hali kadhalika vipimo vya jiwe zima peke yake havitoshi, kwani seti nyingi za namba zinaweza kutoa jibu moja la nje huku ndani zikiwa zimekosea. Kwa hiyo wakaunganisha vyote viwili: hesabu za elektroni kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine vipimo vya fuwele halisi ya kwatsi, yaani ukubwa wake na jinsi inavyopinga kubanwa na kupindwa. Vipimo hivyo vilitoka maabara. Kuna mtu aliyechukua kipande cha kwatsi mkononi akakipima.

Chaji walizozipata ni 2.4 kwa silikoni na -1.2 kwa oksijeni. Mwanafunzi wa Kemia angetegemea 4 na -2. Tofauti hii inatukumbusha kwamba silikoni haikabidhi elektroni zake zote kwa oksijeni, sehemu wanashirikiana. Na ajabu ni kwamba kwa fomula ya atomu mbili mbili tu, bila amri yoyote inayosema silikoni iwe na majirani wanne, ukiyeyusha na kupoza ndani ya kompyuta unaona majirani wanne wanajipanga wenyewe.

Hata hivyo modeli hiyo ina mipaka, na mtumiaji asiyeijua huumia. Nitataja mitatu.

Mpaka wa kwanza ni wa umbali mdogo. Ule mvutano wa kipeo cha sita hukua bila kikomo atomu zikikaribiana, na mwishowe hushinda msukumo. Kati ya silikoni na oksijeni kilele cha mlima kiko kwenye nanomita 0.119 hivi, atomu ikikivuka, inaanguka shimo lisilo na mwisho na atomu mbili zinaungana kuwa kitu kimoja. Katika joto la kawaida hazifiki hapo. Katika joto la Kelvin elfu kadhaa zinaweza kufika. Kwa hiyo watumiaji huongeza kiraka mahali hapo. Kiraka hicho si siri, lakini lazima mtu ajue kwamba kipo.

Mpaka wa pili ni wa umbali mkubwa. Ili kupunguza kazi, sehemu za fomula zisizo za umeme hukatwa baada ya umbali fulani. Mwaka 1996 Vollmayr, Kob na Binder walikata kwenye nanomita 0.55, na kwa kukata hapo densiti ya kioo ikawa karibu zaidi na ile iliyopimwa. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba watu wawili wanaweza kusema wanatumia modeli moja, na mmoja akapata kioo kizito kuliko mwenzake, kwa sababu ya uamuzi mdogo ulioandikwa katika mstari mmoja wa maelezo.

Mpaka wa tatu ni kwamba jibu sahihi la jambo moja si dhamana ya jambo jingine. BKS inaeleza mpangilio wa atomu vizuri, lakini mitetemo yake hailingani vyema na ile inayopimwa. Ndiyo maana wengine waliendelea kutafuta. Vashishta na wenzake, mwaka huo huo wa 1990, walitumia potenshali inayotazama pia pembe kati ya atomu tatu. Mwaka 2002 Tangney na Scandolo waliruhusu oksijeni ivutike na kubadilika umbo kufuatana na jirani zake. Mwaka 2008 Carré, Horbach, Ispas na Kob walitafuta namba mpya za fomula ya aina ile ile ya BKS, wakizilinganisha na silika iliyoyeyuka katika hesabu za Car na Parrinello.

HARAKA HARAKA HAINA BARAKA

Ndugu Mwenyekiti, kuna jambo moja ambalo hata modeli bora haiwezi kulikwepa, nalo ni wakati. Hatua moja ya wakati ndani ya kompyuta haizidi sana sekunde moja iliyogawanywa kwa milioni mara bilioni. Vollmayr na wenzake walitumia atomu 1002. Atomu hizo hufanya jozi 501,501, wala msidhani namba hiyo imetoka hewani: ni 1002 mara 1001, gawanya kwa 2. Walianza kwenye Kelvin 7000 wakapoza hadi sifuri, na mwendo wao wa polepole kuliko yote ulikuwa Kelvin trilioni 4.4 kwa sekunde. Kazi nzima ilichukua, kwa saa ya atomu, kama sehemu 1.6 za bilioni ya sekunde.

Tuseme fundi wa kioo anapoza Kelvin moja kwa sekunde. Safari ile ile ingemchukua chini ya saa mbili. Kama kompyuta inapiga hatua 1000 kila sekunde ya saa yetu, ili kumwiga fundi huyo ingefanya kazi karibu miaka milioni 139. Hakuna mkandarasi atakayetungoja.

Basi je, kazi yao ilikuwa bure? La hasha. Walifanya jambo la busara: walipoza kwa mwendo mbalimbali, wakaona kwamba kadiri walivyopoza polepole ndivyo mtandao ulivyozidi kuwa na kasoro chache. Kwa njia hiyo walijua ni upande gani jibu linaelekea, wakaieleza dunia wazi kwamba kioo chao ni kioo cha haraka. Kompyuta za leo zina nguvu zaidi na mwendo umepunguzwa sana, lakini umbali kati ya fundi na mashine bado ni mkubwa.

MASHINE ZINAZOJIFUNZA

Vijana wengi hapa watakuwa wanajiuliza juu ya akili bandia. Nayo imefika. Mwaka 2007 Behler na Parrinello walionyesha jinsi mtandao wa namba unavyoweza kujifunza nishati ya atomu kutokana na hesabu nyingi za elektroni, bila mtu kuchagua kwanza fomula fupi. Mwaka 2010 Bartók, Payne, Kondor na Csányi walitoa njia nyingine ya kujifunza, na mwaka 2022 Erhard, Rohrer, Albe na Deringer walitumia njia ya aina hiyo kwa silika, wakailinganisha na modeli za zamani. Usahihi wake ni mkubwa. Gharama yake ni kubwa kuliko ya fomula fupi, ingawa ni ndogo sana ukilinganisha na kukokotoa elektroni kila hatua.

Lakini mashine inayojifunza ni kama mwanafunzi aliyekariri maswali ya mitihani iliyopita. Swali likifanana na yale aliyoyaona, anashinda. Likitoka nje kabisa, anaweza kujibu kwa ujasiri ule ule na kukosea. Kwa hiyo kazi kubwa ya wataalamu hawa ni kuchagua mifano ya kumfundishia: fuwele, kioo, kimiminiko, silika iliyobanwa. Na mwisho wa yote humpeleka mbele ya mwalimu asiyepokea maneno matupu, yaani kipimo. Je, densiti ni 2.20? Je, eksirei na nutroni zinakubali?

KIFUNGU CHA NNE

Sasa nirudi kwenye ajenda. Ofisini kwetu, kama katika ofisi nyingi za mipango, tunaletewa makadirio yaliyotoka kwenye kompyuta: wanafunzi wangapi wataandikishwa, maji kiasi gani yatahitajika, barabara itadumu miaka mingapi. Karatasi ni safi, namba zina desimali mbili. Kilichonifundisha kuuliza maswali si vyeo, ni kioo cha silika. Nauliza: namba hizi zilitoka wapi? Zilipimwa mahali gani, na sisi tunazitumia mahali gani? Nani alikata nini, na kwa nini? Jibu likitoka sahihi, limetoka kwa sababu iliyo sahihi, au kwa bahati ya makosa mawili yaliyofutana? Mtu anayeuliza hivyo hapendwi sana kwenye vikao, lakini mabomba ya maji hayajali kupendwa.

Maswali hayo hayafundishwi na kompyuta peke yake. Hufundishwa na kijana kuona kwamba springi aliyoinunulia shule haivutiki kama kitabu kinavyosema baada ya uzito fulani; kwamba pendulamu ikirushwa mbali sana fomula yake haifai tena; kwamba vipimo vitano vya kitu kimoja havilingani. Ukishapata taabu ya kupima, unaiheshimu namba na kuishuku papo hapo. Aliyezaliwa ndani ya skrini, ambako kila jaribio hutoka sawasawa, atadhani dunia nayo ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nalipinga pendekezo la Kamati kama lilivyoandikwa. Sizipingi kompyuta, ningekuwa mtu wa ajabu kuzipinga, kwani ndizo zilizonipa shahada. Naleta pendekezo la kubadilisha. Maabara ya Fizikia ibaki maabara, na meza zake zitengenezwe. Sehemu ya fedha inunue springi, saa za kupimia, mizani na vyombo vya umeme. Sehemu iliyobaki inunue kompyuta chache, zaidi kidogo ya zile zinazotosha kikundi kimoja, ziwekwe kwenye ukuta wa nyuma wa chumba hicho hicho. Kijana apime mwendo wa springi mezani, kisha ageuke nyuma aukokotoe kwa kanuni ya Verlet, halafu alinganishe. Pale zisipolingana ndipo somo linapoanza.

Kwa wale watakaotaka kwenda mbali zaidi, iko programu iitwayo LAMMPS, ambayo ilitengenezwa na Sandia National Laboratories huko Marekani na hutolewa bure. Kwa kompyuta ya kawaida kijana wa Kidato cha Sita, akisaidiwa na mwalimu, anaweza kuyeyusha na kupoza atomu elfu moja za silika na kuhesabu kama kweli kila silikoni ina majirani wanne. Nami niko tayari kuja siku za likizo kuwasaidia walimu kuianzisha, kama Mkuu wa Shule ataniruhusu.

Najua wenzangu wa Kamati wamefanya kazi kwa moyo safi, na kwamba chumba kipya chenye kompyuta arobaini kingependeza kwenye picha ya jarida hili. Maabara iliyokarabatiwa haipendezi hivyo. Lakini wale watu watatu wa mwaka 1990 wasingefika popote kama mtu mwingine, kabla yao, asingepima kwatsi kwa mikono yake na kuziandika namba alizozipata. Kazi ya mtu huyo haikuonekana, na modeli nzima imesimama juu yake. Shule hii iliwahi kutoa watu wa namna hiyo. Tusiifungie njia ya kuendelea kuwatoa.

Naomba kifungu cha nne kijadiliwe pamoja na pendekezo langu hili, na kura ipigwe. Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti.